Majibu kwa Wasomaji: Faili Linalofunguka Lakini Halikubali Kuhifadhiwa

SWALI: Ndugu Mhariri, ofisi yetu ndogo ya uchapaji mjini Morogoro ina kompyuta nne za Windows, Mac moja na mbili za Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Tumeigeuza kompyuta ya zamani kuwa seva ya Ubuntu yenye Samba, programu ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao, na kila mtu anaiona folda ya pamoja. Shida ni kwamba kadi ya mchango wa harusi ikihifadhiwa na mwenzangu wa Mac, mimi wa Windows naifungua lakini siwezi kuhifadhi marekebisho. Fundi alikuja akaipa folda nzima ruhusa ya 777, yaani kila mtu asome na kuandika. Tukafanya kazi kwa raha siku mbili, kisha hali ikarudi palepale. Mashine yetu ya fotokopi, ambayo ni ya siku nyingi, nayo inakataa kutuma skani kwenye seva. Je, tuhamie NFS, ile njia nyingine ya kushirikiana mafaili?

JIBU: Ndugu msomaji, hizo siku mbili za raha ndizo zinazoutaja ugonjwa. Amri ya fundi wako ilibadilisha ruhusa za mafaili yaliyokuwapo saa ile tu. Yaliyozaliwa baadaye yalifuata kanuni ya Samba yenyewe, ambayo isipoguswa hutumia kipimo cha 0744, yaani mwenye faili husoma na kuandika, ilhali wengine wote, hata wa kundi lake, husoma tu. Kwa hiyo ugomvi si wa Windows na Mac kama wengi wanavyodhani, bali ni seva ya Linux inayouliza kila mara faili hili ni la nani, na kujibiwa kwamba ni la yule wa Mac peke yake.

Dawa ni kulifanya faili liwe mali ya kundi tangu linapozaliwa. Fungua kundi moja kwenye seva, tuseme liitwe ofisi, uwaingize wafanyakazi wote humo, kisha mpe kila mmoja nenosiri la Samba kwa amri ya smbpasswd -a, kwa sababu nenosiri la kuingilia Ubuntu na lile la Samba ni vitu viwili tofauti. Baada ya hapo fungua /etc/samba/smb.conf na uandike sehemu ya folda yenu hivi:

[ofisi]
path = /srv/ofisi
read only = no
valid users = @ofisi
force group = ofisi
create mask = 0660
force create mode = 0660
directory mask = 2770
force directory mode = 2770

Tarakimu 2 iliyotangulia 770 ndiyo inayovifanya vitu vinavyowekwa ndani ya folda mpya virithi kundi la folda hiyo, hata pale mtu anaponakili kitu moja kwa moja kwenye seva bila kupitia Samba. Mafaili ya zamani yasawazishe mara moja kwa chgrp -R ofisi /srv/ofisi na chmod -R g+rwX,o-rwx /srv/ofisi, ambayo pia itaifuta ile 777. Endesha testparm ikuonyeshe kosa la uandishi kama lipo, ndipo uiwashe upya smbd, yaani huduma ya Samba yenyewe.

Kwa ajili ya Mac, ongeza kwenye sehemu ya jumla, yaani [global], ya faili hilohilo mstari wa vfs objects = catia fruit streams_xattr, na chini yake fruit:nfs_aces = no, ili Mac isiweze kubadilisha ruhusa ulizozipanga. Hiyo catia ina kazi nyingine ambayo ofisi ya uchapaji itaithamini. Mtu wa Ubuntu anaweza kuliita faili «Mchango: Kadi ya Mjomba.pdf» bila kuzuiwa na yeyote, lakini Windows haikubali nukta pacha katika jina, na Samba hulazimika kumwonyesha mtu wa Windows jina la kufupishwa lenye herufi zisizoeleweka na alama ya ~ katikati. Catia ikipangiwa fruit:encoding = native hupunguza usumbufu huo, ingawa mimi ningewakataza tu wafanyakazi kutumia alama hizo.

Mkiona Windows moja inakataa kuingia baada ya mabadiliko haya, huenda bado inashikilia jina la zamani la mtumiaji, kwani haikubali kuingia seva moja kwa majina mawili ya watumiaji kwa wakati mmoja. Amri ya net use * /delete huondoa miunganisho hiyo. Msishawishike kumruhusu mgeni asiye na nenosiri ili kukwepa kero hii, kwa sababu Windows 11 Pro tangu toleo la 24H2 humkataa mgeni wa namna hiyo.

NFS haiwafai. Ilitengenezwa na Sun mwaka 1984 kwa ajili ya mashine za jamii ya Unix, na katika mpangilio wake wa kawaida huiamini namba ya mtumiaji inayoletwa na kompyuta ya mteja. Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza namba 1000, hivyo wenye kompyuta zenu mbili za Ubuntu wangehesabiwa kuwa mtu mmoja. Itifaki ya SMB, ambayo ndiyo lugha ya Samba, inaeleweka na mifumo yote mitatu, na Apple wenyewe waliifanya chaguo lao la kwanza mwaka 2013.

Kuhusu fotokopi, yaelekea inajua SMB ya kwanza tu, ambayo Samba iliizima kama kawaida yake tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019. Inaweza kurudishwa kwa mstari mmoja, lakini mstari huo sikuandikii: udhaifu katika SMB ya kwanza ya Windows ndio uliopitiwa na WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili na kudai malipo, mwezi Mei 2017, na sioni sababu ya kuushusha ulinzi wa seva yenye kazi za wateja kwa ajili ya skani. Tazama kwanza kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya mashine hiyo. Kama hakuna, iagize itume skani kwa FTP, njia ya zamani ya kutuma mafaili, kwenye folda ya pekee iliyo nje ya /srv/ofisi, kwa jina la mtumiaji asiye na ruhusa mahali pengine popote, na mtu mmoja awe na zamu ya kuzihamisha.