Mchele juu ya ungo: niliyojifunza nikisomea uandishi chuoni

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, mtoto wa kaka yangu alinitumia ujumbe saa tano usiku. "Shikamoo shangazi. Nimepata divisheni ya pili, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Baba anataka nisome ualimu. Mimi nataka uandishi na mambo ya mtandaoni. Niambie ukweli, kuna maisha huko?"

Nikamwitikia marahaba, nikamwambia alale. Jibu lilipoanza kuwa refu kuliko uvumilivu wa mtu anayesoma kwenye simu, nikaona niliweke hapa, maana si yeye peke yake anayeniuliza.

Tuanze na jina la kozi. Usichague kwa jina. Kwetu uandishi bunifu mara nyingi umejificha ndani ya shahada nyingine. Chukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: fasihi ya Kiswahili utaikuta TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, iliyozaliwa mwaka 2009 baada ya ile TUKI ya zamani (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) kuunganishwa na Idara ya Kiswahili. Mambo ya redio, televisheni na mtandao yako Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma. Tamthiliya iko kwa watu wa sanaa za maonyesho. Wewe unayetaka vyote itabidi upige hodi milango mitatu. Popote utakapokwenda, omba mtaala uhesabu: kozi ngapi utaandika kazi yako mwenyewe, na ngapi utaandika kuhusu kazi za wenzio? Mimi sikuuliza. Kwa miaka mitatu nilipata mbili.

Lakini moja ya hizo mbili ndiyo iliyonifanya niwe nilivyo.

Mwalimu wetu hakukusanya hadithi akaenda kusahihishia nyumbani. Alikusimamisha mbele, ukasoma kwa sauti. Zamu yangu ilipofika nilikuwa na sentensi niliyoilalia wiki nzima: "Moyo wake ulivunjika vipande elfu huku machozi yakikimbia chini ya mashavu yake." Akaninyamazisha kwa mkono. "Binti, machozi yanakimbia kwenda wapi? Kwenu Korogwe machozi yanakimbia?" Darasa likaangua kicheko. Akasubiri kiishe, akaniuliza taratibu: "Kwenu mtu akifiwa anafanyaje?"

Nilikaa chini nimevimba. Usiku nikamkumbuka bibi. Siku babu alipofariki sikumwona akitoa chozi. Alikuwa anazunguka na kanga yake begani, anauliza wageni kama wamepata chai, kisha anamuuliza tena yule yule aliyekwisha kumjibu. Nikaandika hilo. Wiki iliyofuata nikasoma na hakuna aliyecheka, na mwalimu hakusema kitu zaidi ya "endelea".

Ndiyo maana nasema chuo kinakupa wasomaji. Kipaji ulikwenda nacho au hukwenda nacho, hilo siliingilii. Baada ya darasa lile tukajikuta watu watano tunakutana kila Alhamisi jioni kwenye kimbweta, vile viti vya saruji vya kujisomea nje, nyuma ya maktaba. Sheria ilikuwa moja: ambaye kazi yake inasomwa haruhusiwi kujitetea. Ukianza "hapa nilikuwa na maana kwamba…" unanunua chai ya wote. Mwezi wa kwanza nilinunua chai mpaka boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likakata. Nje ya chuo ni vigumu mno kupata watu wanne wenye muda wa kukwambia ukurasa wako wa kwanza wote ni wa kutupa, halafu wiki ijayo wakarudi kusoma tena. Mama atakusifia. Marafiki wa Facebook watakuwekea mioyo.

Upande wa dijitali, hapo sitakuficha. Kompyuta zilikuwa chache kuliko sisi, na siku umeme ukikatika tulifundishwa kuhariri video kwa kuchorewa ubaoni: hapa unabonyeza, hapa unakata. Tukafanya mtihani wa Flash, programu ya kutengenezea katuni na michoro inayotembea mtandaoni. Nilipata alama nzuri sana. Mwisho wa mwaka 2020 Adobe wakaizika Flash yenyewe, na alama zangu nadhani wakazizika nayo. Kwa hiyo usiende chuo kufuata programu. Hizo utajifunza kwa simu yako, kitandani, na utazijifunza upya kila baada ya miaka miwili.

Kitu kilichobaki nilikipata kwenye zoezi dogo, mchezo wa redio wa dakika nane. Nilikuwa na kompyuta mpakato ya mtumba kutoka Kariakoo na Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti ambayo ni ya bure. Studio yetu ilikuwa kitanda cha chini cha hosteli, tumening'iniza mablanketi pande zote ili sauti isigonge ukuta. Hadithi ilihitaji mvua. Tukasubiri mvua ya kweli, tukairekodi ikipiga bati. Tuliposikiliza, ikawa kama mtu anakaanga samaki. Mwenzetu mmoja wa Pangani akaenda kuazima ungo kwa mama ntilie, akamimina mchele konzi mbili, akawa anauzungusha polepole karibu na maiki. Mvua ikaanza kunyesha.

Tulipoipata ile mvua, mstari wa mhusika "Ee, leo mvua kubwa kweli" ukawa hauna kazi. Tukaukata. Kisha tukaona "Fungua mlango, nimelowa" nao hauna kazi, kwa sababu mlango unasikika na viatu vinasikika. Tuliingia na kurasa kumi na mbili, tukatoka na saba. Hadi leo, nikiandika tangazo la sekunde thelathini au maelezo ya video, najiuliza msomaji ameshasikia nini, ameshaona nini, ili nisimwambie tena.

Sasa hela, maana baba yako ndiko anakokwenda.

Nilipomaliza nilianza kuweka riwaya Facebook kwa sehemu: kumi za kwanza bure, zilizobaki unalipia kwa M-Pesa unaingizwa kundi la WhatsApp. Haikuchukua muda mtu akainakili nzima, akafuta jina langu, akaweka lake na namba yake ya malipo. Wasomaji wangu wenyewe wakawa wananitumia: "Dada, kuna kaka anaandika kama wewe." Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu ulipoiandika, hata kama hujaisajili popote. Tatizo ni ushahidi. Mimi niliokolewa na rasimu za kimbweta, zimejaa wino mwekundu wa watu wanne, na barua pepe nilizojitumia mwenyewe zenye tarehe. Nilipomtumia yule mwizi picha za rasimu hizo, akafuta. Basi tunza rasimu zako zote, hata mbaya. Mbaya hasa.

Halafu ikaja mwaka 2018 na Kanuni za Maudhui Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania: milioni 1 ya leseni, na ada ya mwaka milioni nyingine. Blogu yangu ilikuwa inaniingizia kama elfu sitini kwa mwezi. Nikaifunga. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo zisome kama zilivyo leo kabla hujafungua chochote. Chuoni hakuna aliyewahi kututajia neno leseni.

Leo nakula kwa kuandika michezo ya redio ya mashirika ya afya, kuhariri vitabu vya watu, na kutafsiri maandishi ya chini ya filamu. Riwaya ni ya alfajiri, kabla mtoto hajaamka. Tuzo zipo: ile ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ya Safal-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Nimejaribu mara mbili, sijapata kitu. Ila siku ya mwisho ya kupokea miswada imenimalizisha riwaya mbili ambazo zingekuwa bado zinaozea kwenye kompyuta.

Na kaka, najua unasoma. Ualimu si tusi. Angalia waandishi wetu wakubwa: Kezilahabi alikuwa mwalimu, Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali. Mtoto akisoma ualimu wenye Kiswahili na fasihi ndani yake, akapata na Alhamisi yake ya kimbweta, mimi sitagombana na wewe. Nitagombana ukimwambia aache kuandika.

Yeye nilimwambia aandike kurasa mbili, asinitumie maandishi, anisomee. Jana ameleta ujumbe wa sauti wa dakika sita, jogoo anawika nyuma. Dakika ya nne anasita. Anasema kwa sauti ya chini, "Hapana, hapa sipo," anavuta pumzi, anaisema sentensi upya kwa namna nyingine. Sijamjibu bado. Nasikiliza mara ya tatu.