Mrekodi mtoto alfajiri, kabla viungo havijalegea

Mwanangu alikuwa na miaka 4 alipoanza kushuka kitandani kinyumenyume, kama bibi kizee anayeshuka mtumbwini pale Kibirizi. Anashika godoro, anatanguliza mguu wa kushoto, kisha anaitafuta sakafu kwa kidole gumba. Goti la kulia limevimba, lakini halii. Ikifika saa nne yuko nje anaruka kamba, mimi naonekana muongo.

Zahanati nilionekana hivyo mara tatu. Zamu yetu ikifika ni saa tano, mtoto anakimbia koridoni. Malaria hana, selimundu hana. "Mama, huyu anadeka tu." Nyumbani Ujiji, bibi yake akasema amekanyaga kitu, tukamsugua mawese ya vuguvugu wiki nzima. Simlaumu bibi, joto la asubuhi hulegeza viungo kweli. Ila uvimbe ulibaki palepale.

Kilichotuokoa ni simu. Nilimrekodi saa kumi na mbili na nusu, kabla hajaoga: anavyoshuka, anavyochuchumaa akashindwa kuinuka. Daktari wa watoto aliitazama video mara mbili, akauliza ilianza lini. Nilikuwa nimeweka alama kwenye kalenda: wiki ya tisa. Akasema ni baridi yabisi ya watoto. Nikabisha, hiyo si ya wazee? Kumbe uvimbe wa kiungo ukianza kabla ya kutimiza miaka 16, ukadumu wiki 6 au zaidi na sababu nyingine zisionekane, ndiyo yenyewe. Kinga ya mwili inageukia viungo vyake. Haiambukizi, na haikuletwa na maji ya baridi. Vipimo vya damu vinaweza kutoka safi kabisa, kwa hiyo msirudishwe nyumbani kwa sababu ya karatasi tu.

Dawa aliyoandikiwa mwanangu ni methotreksati, mara moja kwa wiki. Kwa wiki, jamani, si kwa siku. Ikimezwa kila siku ni hatari kubwa. Siku yetu ni Ijumaa, baada ya chakula cha usiku, na mimi peke yangu ndiye ninayeigusa hiyo chupa. Jumamosi kichefuchefu humsumbua. Damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini, na chanjo yoyote namuuliza daktari kwanza.

Macho nusura yanipite. Ugonjwa huu unaweza kuvimbisha jicho kwa ndani bila wekundu wala maumivu, mpaka mtoto apofuke. Wangu anaangaliwa na daktari wa macho kila miezi 3, kwa ile mashine ya kuegemeza kidevu, hata goti likiwa limepoa. Nauli ya basi hadi Mwanza inauma, naitoa kwenye kikoba.

Sasa yuko darasa la kwanza. Mwalimu wake nilimwonyesha video ileile. Wenzake wakimaliza mchakamchaka wa asubuhi, yeye wa kwake anaufanya saa nne, akiuzunguka mwembe peke yake.