Ukichora mazuku, usiipake rangi

Wadogo zangu mnaoanza utafiti hapa Goma, mkiambiwa mgeuze kazi yenu kuwa katuni, najua mtakimbilia penseli. Nami nilifanya hivyo.

Katuni yangu ya kwanza ilihusu mazuku, ile hewa ya ukaa yenye kuua, inayotoka ardhini kule Bulengo na Mugunga. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, ndiyo maana hutuama kwenye mabonde na mashimo, hasa alfajiri upepo ukiwa umetulia. Haina rangi wala harufu. Mimi nikaichora wingu la kijani, ili ionekane. Nikampa mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Akaitazama kwa makini, akaniuliza: "Kwa hiyo nisipoona kijani, mtoto anaweza kushuka kucheza?"

Usiku ule sikulala. Katuni yangu ingeweza kuua.

Nikachora upya. Safari hii baba amesimama wima, hana habari, na mbwa wake ameanguka miguuni pake. Kimo cha mtu na kimo cha mbwa, sayansi yote imo humo. Kisanduku kinachofuata, mtoto anataka kuinama amwinue mbwa, mkono wa mama umeshamdaka bega. Nilikuwa pia na kibatari kinachozimika karibu na ardhi. Ni kweli huzimika, lakini nilikitoa, kwa sababu kuna mtoto angekwenda kujaribu.

Vipimo na majedwali wekeni ukurasa wa nyuma, mwalimu atavitafuta. Mawe yawe meusi kama lava tunayoikanyaga kila siku. Mkichora udongo mwekundu, watu watasema hapo si kwetu. Na neno liwe mazuku. Wenyeji walikuwa nalo kabla hatujaja na vifaa vyetu.

Kabla ya kuchapa, wapeni watu watatu wasiojua fani yenu, kisha mnyamaze. Msieleze chochote, waombeni wao wawasimulie. Mzee mmoja wa Ndosho alisoma visanduku vyangu kutoka juu kwenda chini badala ya kushoto kwenda kulia, na kwake mbwa alikufa kabla hajatoka nyumbani. Sasa kila kisanduku changu kina namba kubwa pembeni.