Mwalimu wa Kwaya Anajibu: Vienna kwa Mfuko Mwembamba

*Shikamoo Mwalimu. Nimepata kozi ya wiki mbili Vienna mwezi Machi. Naimba sauti ya nne, yaani besi, katika kwaya ya chuo, na tangu utotoni nasikia sifa za kumbi za mji ule. Fedha yangu ni ya kuhesabu. Kama ni jioni moja au mbili tu, niende wapi?*

Marahaba, mwanangu. Jioni ya kwanza nenda Musikverein, jumba la matamasha ya muziki. Unapokata tiketi hakikisha ni Ukumbi wa Dhahabu, kwa sababu jengo lile lina kumbi kadhaa. Theophil Hansen ndiye aliyelichora, likafunguliwa mwaka 1870. Ukumbi una viti 1,744, na nyuma kabisa kuna nafasi za watu kama 300 wa kusimama. Tiketi ya kusimama ni rahisi mno ukilinganisha na kiti, na hapo ndipo ninapokutuma.

Usiende kushangaa dhahabu tu. Ukumbi una urefu wa karibu meta 49, upana wa 19 na kimo kisichofika 18. Ni mrefu, mwembamba, kuta zimenyooka, kwa hiyo sauti inagonga ukutani na kukurudia upesi kutoka pande zote mbili. Dari ni la mbao na limening'inizwa kwenye kenchi za paa. Chini ya sakafu kuna uwazi. Zile sanamu za wanawake zilizopakwa dhahabu nazo zina kazi, zinaivunja sauti na kuitawanya isirudi kama mwangwi mkali. Ukumbi ukijaa watu, noti ya mwisho hukaa hewani kama sekunde mbili.

Mimi nilisimama nyuma, kiganja nimekiweka juu ya kizuizi cha mbao. Wapigaji wa zeze kubwa za besi walipoanza kuvuta upinde taratibu, noti ile niliihisi mkononi kabla sikio halijaitambua. Nimefundisha sauti ya nne miaka mingi, nikiwaambia waimbaji waimbe chini hadi sakafu iitike. Siku ile ndipo nilipoelewa nilichokuwa nawaomba. Nakuomba ufanye hivyohivyo: weka mkono juu ya mbao, ufumbe macho.

Jioni ya pili ni ya Staatsoper, jumba kubwa la opera, yaani michezo ya kuigiza kwa kuimba. Hapo pia simama. Tiketi za kusimama huuzwa siku yenyewe ya onyesho, na zile za chini zina bahati ya ajabu, kwani ziko katikati kabisa, chini ya kibanda alichokuwa akikaa mfalme. Wenye viti vya bei mbaya wako ubavuni mwako! Chukua skafu. Ukishapata mahali pako, ifunge kwenye kizuizi, kisha uende kunywa maji au kutembea, nafasi yako itaheshimiwa. Mama mmoja mzee aliyekuwa kando yangu aliniona nimesimama kama mlinzi, akafungua skafu yake ya pili na kunifungia bila kusema neno. Tulisimama pamoja kwa muda wa saa tatu na nusu. Vaa viatu unavyoviamini.

Ukiwa mlangoni kumbuka waliolijenga. Wasanifu wawili, van der Nüll na Sicardsburg, walikejeliwa mno na watu wa mji. Van der Nüll alijiua mwaka 1868, mwenzake akafa kwa maradhi miezi michache baadaye, na jumba likafunguliwa 1869 bila wao. Tarehe 12 Machi 1945 mabomu yaliliteketeza. Upande wa mbele na ngazi zake kuu vilipona, kwa hiyo utakapopanda ngazi zile utakuwa unakanyaga jumba la zamani lenyewe. Lilifunguliwa upya tarehe 5 Novemba 1955 kwa Fidelio ya Beethoven, majeshi ya kigeni yaliyoikalia nchi baada ya vita yakiwa yametoka tu Austria. Katika opera ile wafungwa wanatolewa gizani kuvuta hewa. Watu waliokosa tiketi walisimama nje wakisikiliza kwenye vipaza sauti.

*Mwalimu, mimi ni mpenzi wa Mozart. Nataka kuketi ndani ya jumba alimotolea opera zake. Ni lipi?*

Ndugu yangu, hapa nitakuvunja moyo kidogo. Ndoa ya Figaro ilitoka mwaka 1786 katika Burgtheater ya zamani, jumba la maigizo, na jengo lile limebomolewa. Filimbi ya Ajabu ilitoka 1791 katika jumba la Schikaneder, aliyeandika maneno ya opera hiyo, nalo halipo. Schikaneder alijenga jumba jingine mwaka 1801, Theater an der Wien, ambalo lipo mpaka leo. Nenda ubavuni mwake utazame lango lenye sanamu ya Papageno, mtega ndege wa opera ile. Lakini hapo utakuwa nyumbani kwa Beethoven zaidi: Desemba 22, 1808, katika baridi kali, simfoni zake mbili, ya tano na ya sita, zilisikika humo kwa mara ya kwanza, jioni moja, katika tamasha lililodumu saa nne.

Kama ni lazima iwe Mozart, panda treni hadi Prague, safari ya saa nne hivi. Jumba la Estates lilifunguliwa 1783, na mwaka 1787 yeye mwenyewe aliongoza humo Don Giovanni. Lipo, na opera zake bado zinaimbwa ndani yake.

*Sisi tutafika Julai. Kuna nini?*

Mmechagua mwezi mgumu. Staatsoper hufungwa Julai na Agosti, na Filharmonia ya Vienna, okestra mashuhuri ya mji, huhamia mji wa Salzburg. Mtaani mtakutana na vijana wenye mawigi meupe wakiuza tiketi za Mozart. Kabla ya kutoa euro hata moja, waulizeni ni ukumbi gani na okestra gani. Jioni nendeni uwanja wa Rathaus, yaani ukumbi wa jiji, ambako opera na matamasha yaliyorekodiwa huonyeshwa kwenye skrini kubwa, bure.

*Sijui Kijerumani. Burgtheater ya sasa itanifaa?*

Mchezo wenyewe utakuchosha, ila ziara ya mchana itakufaa. Jengo ni la 1888. Kwenye ngazi, inua macho darini: mchoraji Gustav Klimt alichora pale akiwa kijana, na katika picha ya jumba la Shakespeare amejichora mwenyewe miongoni mwa watazamaji.