Ulipwe kwa Kukagua, Si kwa Kupiga Dawa

Vijana waliosomea wadudu huniuliza kama bustani za hoteli na vitalu vya miche hapa Malindi vinaweza kumlisha mtu. Vinaweza. Ila ushauri wangu wa kwanza hauhusu wadudu, unahusu mkataba. Usikubali kulipwa kwa lita ya dawa, wala kwa kila mara unapopiga. Ukilipwa hivyo, mwezi usio na haja ya dawa unakuwa mwezi wa njaa kwako, na hata mtu mwaminifu polepole huanza kuona balaa pasipo balaa. Omba malipo ya mwezi kwa kazi ya ukaguzi: unazunguka bustani nzima, unaandika ulichoona, unasema kifanyike nini. Mara nyingi jibu litakuwa "tusubiri kwanza".

Kusubiri ndiko kugumu kukuuza. Meneja ameona hibiskasi zake zimegeuka nyeupe, anataka mtu mwenye bomba mgongoni leo hii, kabla wageni hawajaamka. Usibishane naye. Chuma tawi, mpe kioo cha kukuzia, mwonyeshe vidung'ata wenyewe, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea. Wengi wamejifunika nta ya unga mweupe. Lakini katikati yao wapo waliovimba, wakakauka na kuwa kahawia, na kila mmoja ana tundu la duara mwilini. Hapo ametoka nyigu mdogo sana, asiyeuma watu kabisa. Mama yake alitaga yai ndani ya kidung'ata, na buu likamla kutoka ndani. Ukipiga dawa kali, nyigu huyo hufa wa kwanza kwa sababu hana nta wala kificho. Mayai ya vidung'ata yaliyofunikwa kwa nyuzi za nta hubaki salama, na baada ya majuma machache mti umejaa kuliko mwanzo. Nimeona mameneja wakali wakipoa kabisa baada ya kuliona lile tundu kwa macho yao.

Akibaki na shaka, mkumbushe muhogo. Kidung'ata wa muhogo aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini akaangamiza mashamba ya nchi nyingi. Mwaka 1981 watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki kule Ibadan, Nigeria, walianza kuachilia nyigu Anagyrus lopezi waliotolewa Paraguay, na wadudu hao wadogo wakafanya kazi ambayo dawa zisingeiweza. Hans Herren, aliyeongoza juhudi hizo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Kisha watafute chungu. Wao hunywa utamu unaotoka kwa vidung'ata na kuwafukuza nyigu wanaokuja kutaga. Kata matawi yanayogusa ukuta, funga kitambaa shinani na ukipake grisi ili wasipande. Sehemu zilizoathirika zaidi zioshe kwa sabuni ya maji, kijiko kimoja cha mezani kwa lita, jioni jua likishapoa. Ijaribu kwanza kwenye majani machache, maana mimea mingine huungua.

Hata hivyo, si chungu wote ni maadui. Majimoto, wale wanaoshona majani ya miembe kuwa viota, humfukuza mdudu anayefyonza vidaka vya nazi hadi vikapukutika. Watafiti waliliandika hilo Zanzibar tangu miaka ya 1950. Ni kweli nao hufuga wadudu gamba, ambao nao hufyonza mimea, na ni kweli wanauma. Mimi huwaacha kwenye minazi na miembe ya nyuma, na kuwaondoa penye viti vya wageni. Kwa chonga, yule dundu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, dawa yenyewe ni ufagio na shoka. Magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi yaliyosahaulika ndiyo anamozalia.

Kwenye vitalu nakuwa mkali zaidi, kwa sababu kitalu husambaza. Mche uliobebwa Malindi hushushwa Mokowe, ukavushwa hadi Lamu, na wadudu wamo chini ya majani. Mche mgeni utengwe wiki mbili, ugeuzwe majani, utazamwe hata mizizi. Ukikuta mdudu usiyemjua, mtie kwenye spiriti na umpeleke Makumbusho ya Taifa, Nairobi, au uwaarifu KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Kukisia jina huharibu kazi yote inayofuata.

Rafiki yako mkubwa ni mtunza bustani. Yeye hupita kwenye mti ule ule kila asubuhi. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi naangalia chungu. Wakianza foleni kwenye huu mti, najua majani yatanata." Yeye huona tatizo kabla yangu. Basi daftari la ukaguzi likae kwake, na jina lake liandikwe kwenye ripoti anayosoma meneja.

Mazungumzo ya mkataba yaanze wakati wa vuli. Kaskazi ikishaingia, joto na ukavu huongeza vidung'ata na utitiri, nawe utahitaji rekodi za kabla ya hapo ili kumwonyesha mwenye hoteli kipi kimebadilika. Na siku ambayo dawa itakuwa haina budi, toza gharama yake tu, iwe imesajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, na upige mti ulioathirika pekee.