Mwambie Mungu hata hesabu ya bosi

Juzi kijana mmoja wa bodaboda kaniandikia: "Dada, ni halali kweli kumwomba Mungu hesabu ya bosi? Au nisubiri tatizo kubwa?" Wiki nzima hesabu haitimii, na bosi anatishia kuchukua pikipiki yake. Sasa hilo kubwa analolisubiri ni lipi?

Mimi ni fundi cherehani. Januari, wazazi wamejaa mlangoni na vitambaa vya sare, cherehani ikagoma. Na wala haikuwa yangu, ya wifi. Advansi za wateja nilishazimalizia kwenye kodi ya pango. Jioni kwenye kikundi cha maombi nikasema jamani, tuiombee. Mama mmoja akacheka: "Mwanangu, tusimchoshe Mungu na vyuma. Tuombee roho." Wenzake wakaitikia amina. Ile amina inaniuma mpaka leo, sitawadanganya.

Nyumbani nikafungua Wafalme wa Pili, sura ya 6. Mwanafunzi wa manabii anakata mti kando ya Yordani, chuma cha shoka kinatumbukia majini. Analia kwa sababu ni cha kuazima! Nabii Elisha hakumwambia aombee roho. Alimuuliza kimeangukia wapi, akakata kijiti, akakitupa hapohapo, chuma kikaelea.

Ona hilo swali: kimeangukia wapi? Wengi wetu tunaomba "Bwana, tazama maisha yangu", maombi mapana kama Ziwa Victoria, na mahali chuma kilipozama hatupataji.

Nikapiga magoti nikataja. Cherehani ya wifi. Sare za watoto wa watu. Pesa iliyokwisha. Na hofu ya kumpigia wifi. Hapo ndipo nilipokaa sana. Nilipoinuka nikampigia usiku uleule, nimejiandaa kwa matusi. Akasema mashine hiyo hata yeye ilishamsumbua hivyohivyo, ana fundi wake, asubuhi atamtuma. Sare zote zilitoka kabla shule hazijafunguliwa. Zote!

Basi mdogo wangu, taja. Taja kiasi kilichopungua, mtaje bosi kwa jina, taja siku anayotaka pesa yake. Mfalme Hezekia alipopata barua ya vitisho vya Waashuri alipanda nayo nyumbani kwa Bwana, akaikunjua mbele zake. Na wewe weka daftari la hesabu kitandani, upige magoti. Kisha mpigie bosi kabla yeye hajakupigia. Paulo aliwaambia Wafilipi waombe katika kila neno, hakuweka kiwango. Na wanaodhani Mungu hashughuliki na madogo waisali Baba Yetu polepole: riziki ya leo inatajwa kabla ya msamaha. Taja, usione haya.

Ukijibiwa, kashukuru palepale ulipochekwa. Mimi nilisimama kikundini nikashukuru kwa ajili ya cherehani, gurudumu na mkanda nikavitaja. Yule mama siku hizi huniletea vitenge vyake nimshonee. Bei simpunguzii.