Jalada linajikunja kama kigae

SWALI: Nimepiga picha majina ya mitumbwi 28 pale mwaloni Kirumba. Nataka kitabu ambacho chenyewe ndicho kazi ya sanaa. Nakala ya majaribio imeniangusha: jalada la kadibodi limejikunja kama kigae na kurasa zimevimba kwenye mkunjo. Nimekosea wapi? Na je, nakala nizipe namba?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Kosa limeanzia dukani. Nyuzi za karatasi hulala upande mmoja, na kwenye A4 nyingi zinafuata urefu. Ukiikunja kupata A5, mkunjo unazikatisha nyuzi, ndipo unavimba. Nunua A3 ambayo nyuzi zake zinafuata urefu, ikate katikati. Hapo nyuzi zitaufuata mkunjo. Ili kuzijua, pinda karatasi polepole bila kuivunja, huku kisha kule. Inakokubali kirahisi, mstari wa mpindo ndio njia ya nyuzi.

Kosa la jalada nalo ni gundi. Karatasi ikilowa hutanuka, ikikauka husinyaa na kuivuta kadibodi. Ukiifunika kwa karatasi nje tu, lazima ipinde kuelekea nje. Bandika na ndani, gundi iwe nyembamba, nyuzi zote zifuate mgongo, kisha kandamiza kwa matofali saa 24. Msimu wa mvua, hewa ya ziwa ikiwa nzito, lipe saa 48.

Karatasi 8 zikikunjwa zinatoa kurasa 32: picha 28, jina la kitabu, taarifa za toleo, na mbili tupu. Toboa matundu 5 kwenye mkunjo. Uzi wa pamba wa sentimita 60, uliosuguliwa nta, unatosha. Uzi wa nyavu usiuguse, hata kama umejaa mwaloni: ni nailoni, fundo linateleza na karatasi inachanika. Kingo za mbele punguza baada ya kushona, maana karatasi za ndani huchomoza.

Kuhusu namba: msanii Mmarekani Ed Ruscha alitoa mwaka 1963 kitabu cha picha za vituo 26 vya mafuta, nakala 400 zenye namba. Mwaka 1965 alikiri kuwa kuzipa namba lilikuwa kosa, na toleo la 1969 lilifika nakala 3,000. Nasi tungeacha namba.

Tunachokuhofia zaidi ni mpangilio. Ukianza na picha nzuri, umepata albamu. Fuata mitumbwi ilivyoegeshwa, wa kwanza hadi wa 28, na kila jina likae kimo kilekile ukurasani, hata lenye rangi iliyobanduka.